Milinganyo ya Mume Wangu

Bweni la wanawake
9 Februari

Mume wangu,

Nimefika, ila kiuno nimekiacha ndani ya basi. Bweni letu ni chumba kimoja kirefu nyuma ya maabara, vitanda vya chuma vimepangwa ukutani, na harufu ya spiriti inaingia dirishani mpaka kwenye mto. Nimepewa kitanda cha chini kwa heshima ya umri. Wengi humu ni watoto wa juzi, wameshaanza kuniita Mama Bweni hata begi sijafungua. Aliye rika langu ni mmoja tu, alikuwa nesi kabla ya kuja kusomea ufundi wa maabara, na jina limembakia hilo hilo, Nesi.

Usihangaike kunitafuta kwa simu. Matroni amezikusanya zote mpaka likizo, na simu ya ofisi anasema ni ya misiba. Kwa hiyo tumerudi kwenye barua kama enzi zile ulipokuwa unaniposa. Enzi zile ulikuwa unaandika vizuri sana, sijui kama mkono haujakakamaa.

Sasa nisikilize, Mwalimu, maana nina shida. Siku ya kwanza tu mkufunzi wa kemia kaingia, hata salamu hajamaliza, kajaza ubao. Eti chumvi ikitiwa majini inaachana vipande vipande, kila kipande na chaji yake, vinaitwa ayoni, na sisi tuandike mlinganyo wa tukio hilo. Watoto wa juzi wanaitikia kwa pamoja. Mimi nimekaa na kalamu naitazama. Pale zahanati nilikuwa naosha vioo vya darubini na kubandika majina kwenye chupa, hakuna aliyeniuliza kilichomo kinaachana na nani.

Mtihani wa kwanza ni Machi. Ukifeli, unarudia Mei. Ukifeli tena unafungasha, na zahanati haikuleti mara ya pili, nafasi anapewa mwingine. Najua ulikubali nije huku shingo upande. Najua pia ulikubali, na hilo silisahau. Basi nimalizie wema wako, nifundishe hii milinganyo. Kumuuliza mkufunzi mbele ya watoto wale naona haya, na kwa nini nione haya wakati mwalimu wa kemia nimemwacha nyumbani kwangu?

Mbusu mwanetu Kibonge kwenye lile shavu lake la kushoto. Mwambie wifi amchane taratibu, ana kichwa chepesi kuuma.

Mkeo


Nyumbani
20 Februari

Mama Kibonge,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nyumba imepoa. Dada yangu anajitahidi jikoni, ila wali wake ungeweza kuziba ufa wa ukuta. Kibonge analala na gauni lako la bluu, ukimnyang'anya anaamsha mtaa. Ofisini walimu wenzangu hawana dogo: "Mizani, siku hizi unafua mwenyewe?" Nacheka nao. Nikigeuka, inanikata maini.

Haya, kaa vizuri, somo linaanza. Chumvi ya kawaida ikiingia majini:

NaCl → Na⁺ + Cl⁻

Kushoto sodiamu moja na klorini moja, kulia hivyo hivyo. Chaji ya kulia, chanya moja na hasi moja, zinafutana. Unajua wanafunzi wameniita Mizani kwa sababu gani. Kwangu mlinganyo usiokaa sawa pande zote mbili haupati hata robo alama.

Sasa kalsiamu kloridi, hapo ndipo wengi wanapoanguka:

CaCl₂ → Ca²⁺ + Cl₂²⁻

Kale ka mbili kadogo chini ya klorini hakachezewi. Klorini zimeingia majini zikiwa mbili, zitabaki mbili, zimeshikana. Kilichoingia kwa jozi kinabaki kwa jozi. Hesabu atomu: sawa. Hesabu chaji: chanya mbili, hasi mbili, sawa. Kwa sheria hiyo hiyo:

K₂SO₄ → K₂²⁺ + SO₄²⁻

Ukiona mizani imekaa, weka kalamu chini. Fanya mazoezi kwa hizo mpaka mkono uzoee. Halafu nakuomba kitu kimoja, usikusanye kemia ya kila mtu humo bwenini. Anayesoma kwa walimu watano hatoki na somo hata moja. Uniulize mimi.

Mumeo,
Mizani


Bweni la wanawake
3 Machi

Mwalimu wangu,

Laiti ungeniona. Nimeshika! Nimejaza kurasa kwa magnesiamu kloridi, bariamu kloridi, sodiamu kabonati, zote zinakaa sawa kushoto na kulia, na kila ikikaa nasikia raha kama nimemaliza kufua shuka. Jana nilimfundisha binti wa kitanda cha juu. Mimi, kumfundisha mtu kemia!

Nesi ndiye kaleta ubishi kidogo. Aliangalia karatasi yangu akasema hizo klorini zilizoshikana mikono ndani ya maji hajawahi kuziona. Nikamwambia, dada, mume wangu anafundisha hizi tangu hujui hata sindano inachomwa wapi. Akarudi kitandani kwake. Baadaye nilimwonea huruma nikampa sabuni.

Nimefurahi kwamba umenisaidia. Nitakuambia ukweli sasa, maana uko mbali huwezi kunikodolea macho: wakati naondoka nilidhani una kinyongo. Ulinibebea begi mpaka kituoni bila neno, hata basi lilipotoka hukupunga mkono. Niliumia njia nzima. Kumbe nilikuwa nakukosea.

Mtihani ni wiki ijayo. Niombee.

Mkeo


Bweni la wanawake
21 Machi

Mume wangu,

Nimefeli.

Sikufeli kwa kutojua, ningefeli kwa kutojua ningelala. Karibu mtihani wote ulikuwa chumvi na maji, na niliandika kila mlinganyo bila kufuta. Nilitoka wa kwanza. Mkufunzi alipogawa karatasi yangu ilikuwa nyekundu yote, imebaki nyeupe kwenye chumvi ya kawaida tu na potasiamu bromidi. Akaniita ubaoni. Akaniambia niandike kalsiamu kloridi, nikaandika vile ulivyonifundisha. Akauliza nani kanionyesha. Na mimi, badala ya kuinamisha kichwa, nikakiinua. Nikasema mume wangu ni mwalimu wa kemia, anafundisha sekondari, wanafunzi wanamwita Mizani kwa jinsi asivyokosea, na kama kuna tofauti basi ni ya vitabu. Nikasema kwa sauti, darasa zima lisikie.

Wakacheka. Hata binti wa kitanda cha juu alicheka, na yeye kafeli kwa sababu yangu. Mkufunzi hakucheka. Alisema klorini zinaachana, kila moja inakwenda peke yake, kwa hiyo chembe moja ya kalsiamu kloridi inatoa ayoni tatu, siyo mbili. Akasema sisi ndio tutakaopima maji ya dripu hospitalini, na anayehesabu mbili penye tatu ataingiza maji makali kwenye mshipa wa mtu. Nikarudi kukaa.

Sikulaumu. Najua una madarasa mengi, labda uliandika umechoka, labda Kibonge alikuwa analia mgongoni. Niambie tu kwamba uliandika kwa haraka, yataisha. Ila nieleze vizuri sasa, maana imebaki ile ya Mei, na baada ya Mei hakuna nyingine.

Mkeo


Nyumbani
30 Machi

Mama Kibonge,

Pole sana. Nilipofika pale walipokucheka nilikunja barua nikatoka nje. Watoto hawana adabu, na mkufunzi anayemsimamisha mama wa mtu ubaoni namuona ni mtu mdogo, awe na vyeti ukuta mzima.

Kuhusu lile la klorini, wala usijipasue kichwa. Kuna mtindo wa zamani na mtindo wa sasa wa kuandika. Mimi nilikupa wa zamani, nikidhani chuo kama hicho bado kinaufuata. Kumbe wamehamia wa sasa. Haya, mtindo wa sasa unasema hivi: ndani ya maji kila kitu kinaachana. Kwa hiyo:

CaCl₂ → Ca²⁺ + 2Cl⁻

Hapo utapata alama zako. Na ukitaka usianguke tena, ufuate mtindo huo mpaka mwisho, usiishie njiani. Sodiamu salfeti:

Na₂SO₄ → 2Na⁺ + S⁶⁺ + 4O²⁻

Salfa kivyake, oksijeni kila moja kivyake. Hesabu chaji: mbili na sita ni nane chanya, nne mara mbili ni nane hasi. Imekaa. Naitreti na kabonati fanya hivyo hivyo, kata yote.

Mke wangu, nikwambie neno na usilichukulie vibaya. Kuna watu hawakuumbiwa kitu fulani, na si aibu. Ulikuwa na kazi yako zahanati, watu wanakuheshimu, mtoto wako unamwona kila jioni. Ikitokea Mei mambo yakawa yale yale, hakuna atakayekucheka hapa. Mimi nitakuja kituoni kukupokea mwenyewe.

Na usiwaonyeshe hao wa bwenini. Umeona walivyokucheka.

Mumeo,
Mizani


Nyumbani
4 Aprili

Wifi yangu kipenzi,

Kaka hajui nakuandikia, yuko kwenye kikao cha shule, na Kibonge kalala, kwa hiyo nimejiibia muda. Nimekumiss jamani! Wali wangu kaka anausema vibaya kila mahali, mpaka mwalimu wa hisabati kanipa pole.

Niliona bahasha yako mezani, kaka akaniambia umefeli kemia. Nimelia, wifi. Sikuelewa kabisa, maana sisi huku darasani kwake tunasoma hayo hayo, kidato kizima, na mtu unafundishwa na kaka peke yako bila makelele yake unafeli vipi? Sisi anatuua! Februari alituandikia kalsiamu kloridi, akasema atakayeandika klorini mbili zimeshikana na chaji juu ataosha chupa za maabara muhula mzima. Alitutungia na kawimbo: "Klorini mbili, njia mbili, kila mtu na chaji yake." Tunauimba mpaka chooni. Na wiki iliyopita kuna mtu kaikata salfeti vipande, kaandika salfa pembeni na oksijeni pembeni. Kaka alipiga meza chaki zikaruka! "Salfeti ni kitu kimoja! Inaingia majini nzima, inatoka nzima! Nani kakufundisha huo upuuzi?" Akamtoa nje. Jioni ile ile alikaa mezani akitusahihishia sisi huku anakuandikia wewe, nikamletea chai, nikasema moyoni, wifi ana bahati.

Basi ikariri hiyo: sodiamu mbili kila moja peke yake, salfeti nzima. Hutafeli tena.

Halafu umbea mdogo. Kaka kapaka rangi chumba chenu. Anasema unarudi Mei. Nikamwambia si likizo ni Agosti? Akacheka tu.

Nakupenda. Kibonge kaota jino la nyuma.

Wifi yako


Bweni la wanawake
11 Aprili

Wifi,

Barua yako nimeipata, ahsante mwanangu. Umenisaidia kuliko unavyojua, na sitaki ujue zaidi ya hapo.

Nakuomba mambo mawili. Kaka yako asijue kwamba uliniandikia, leo wala kesho, hata akuulize kwa upole. Hasa akikuuliza kwa upole. La pili, usiache kusoma. Umeandika salfeti vizuri kuliko mimi.

Nilikwenda maktaba jana, kuna kitabu kimoja cha kemia kinachogombaniwa na chuo kizima. Nesi alinishikia foleni. Nimekuta hakuna mtindo wa zamani wala wa sasa. Kuna ule mmoja tu, ule wa wimbo wenu.

Hilo jino la nyuma mpakie asali kidogo kwenye ufizi.

Wifi yako


Bweni la wanawake
13 Aprili

Mume wangu,

Barua yako ya mwisho nimeisoma mara nyingi. Sijambo, usingizi tu ndio umegoma.

Nina swali moja na nakuomba unijibu kabla ya mtihani. Kuhusu salfeti. Ulisema inakatika, salfa kivyake na oksijeni kivyake. Mimi sina uhakika, na wewe unajua nilipofikia: nikikosea hapa nimekwisha. Kama uliandika kwa haraka, kama ulichanganya, kama kulikuwa na jambo lolote kichwani mwako siku ile, niambie tu. Sitauliza jambo gani. Mtu anachoka, mtu anakasirika, mtu anaogopa kulala peke yake. Naelewa hayo yote. Niandikie mstari mmoja tu, "Salfeti haikatwi," hata salamu usiweke, na mimi nitaupokea mstari huo kama nilivyokupokea wewe siku ile ya posa kwa baba.

Ukisema ikatwe, basi. Nimekuamini tangu nikiwa msichana.

Naomba jibu, mume wangu. Naomba sana.

Mkeo


Nyumbani
22 Aprili

Mama Kibonge,

Mbona unahangaika hivyo? Mpaka umenitia wasiwasi. Nina uhakika na salfeti kama ninavyolijua jina langu. Kata. Andika vile vile nilivyokuandikia, salfa yenye sita chanya, oksijeni nne zenye mbili hasi, na usimwache mtu akutie maneno. Hivi tangu lini umeanza kunipima?

Sasa habari njema. Chumba nimekipaka rangi, ile ya maziwa uliyokuwa unaitaka. Pazia nimeweka jipya. Na nimepita zahanati kuongea na mganga mkuu, tumeelewana, nafasi yako ya zamani anaishikilia mpaka mwisho wa Mei. Nimemwambia kuna uwezekano mkubwa ukarudi. Alishangaa, akasema nafasi ya masomo kama ile watu wanaililia, nikamwambia wewe ni mtu wa nyumbani zaidi. Hukosi kitu. Hata mimi mwenyewe nimejifunza hapa katikati kwamba mwanamume anaweza kuwa na kazi na heshima zote, na akirudi jioni akakuta kiti kitupu, hana kitu.

Fanya mtihani wako, halafu njoo. Nakusubiri kwa mikono miwili.

Mumeo,
Mizani


Bweni la wanawake
19 Mei

Mwalimu,

Nimefaulu. Nimeanza na hilo ili usije ukaenda kituoni kunipokea bure.

Swali la tatu lilikuwa sodiamu salfeti. Nakuapia, kwa dakika kadhaa nilikaa na kalamu juu ya karatasi nikiwaza kuandika vile ulivyotaka. Usifikiri ni kwa kutojua. Nilitaka tu niwe nimekutii, nirudi nyumbani, nilale kwenye hicho chumba cha rangi ya maziwa, na nisilazimike kukujua hivi ninavyokujua sasa. Halafu nikaandika 2Na⁺ + SO₄²⁻, nikaendelea na la nne.

Nilijua kabla sijakuuliza. Usihangaike kutafuta nani kaniambia, hakuna aliyeniambia, vitabu vipo na mimi najua kusoma. Barua yangu ya Aprili haikuwa ya kuuliza kemia. Nilikufungulia mlango, nikaushikilia kwa mikono yote miwili, nikakuomba upite. Wewe ukanijibu kuhusu pazia.

Nimejaribu kukuhurumia. Nimejaribu kweli, nimekaa kitandani nikajiambia mtu huyu anaogopa, anakupenda, hakujua njia nyingine ya kusema baki. Lakini ulikuwa na njia. Ungesema baki. Siku ile kituoni ungeshusha begi ukasema, mke wangu, mimi sitaki uende, na labda ningebaki na labda tungegombana mpaka mtaa mzima utoke nje, lakini tungekuwa wawili tunaogombana. Wewe ulinibebea begi. Ukanipandisha basi. Ukaniacha niende nikaaibike mbali, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ili nirudi nikijua mimi ni mtu mdogo na wewe unanipokea kwa huruma yako. Ungeniponda mchana kweupe ningekuheshimu zaidi. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikashukuru.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba uongo wako ulikaa sawa. Hukuandika ovyo. Ulikaa chini, ukapiga hesabu, ukahakikisha atomu sawa, chaji sawa, kushoto na kulia, ili nikikagua nisione. Ule utaalamu wote ambao watoto wa watu wanapewa bure kila asubuhi ili wafaulu, mimi mkeo nilipewa ili nifeli. Nafikiri kazi hiyo ilikuchukua muda. Nafikiri uliifanya kwa uangalifu, kama unavyofanya kila kitu.

Binti wa kitanda cha juu hakufaulu. Tulijifunza naye upya, mimi na Nesi, lakini alikuwa ameshaogopa kalamu. Alifungasha juzi. Alinikumbatia mlangoni akasema hana neno na mimi. Huyo hujawahi kumwona, hakukukosea lolote, na sasa yuko kwao anawaelezea wazazi wake kilichotokea, na hajui mwenyewe kilichotokea. Siwezi kumwandikia kumweleza. Nimeanza barua hiyo nikaishia kwenye jina.

Likizo ya Agosti nitakuja kumchukua Kibonge. Wanafunzi wenye watoto wanapewa vyumba vya nje, nimeshaongea na matroni, kitanda chake kipo. Usimwambie wifi chochote kibaya na usimkaripie, huyo mtoto ana akili na anakupenda, na anastahili mwalimu yule anayemjua darasani. Sijui mwaka ujao nitakuwa na wewe au la. Sijafika huko. Mganga mkuu umwambie asinishikilie nafasi.

Jambo la mwisho. Mkufunzi alinibakiza darasani baada ya matokeo. Alikuwa amefurahi, kwa kweli alikuwa amefurahi, akasema hajaona mtu kupanda hivyo kutoka Machi hadi Mei. Halafu akauliza taratibu, kama mtu asiyetaka kuingilia, yule mwalimu wako wa nyumbani, imekuwaje hata akakuandikia vile? Nesi alikuwa amesimama mlangoni ananisubiri. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kusema. Nikaona nikisema, nitakuwa nimesema mbele ya watu kwamba mwanamume niliyezaa naye alikaa mezani akatafuta namna ya kuniangusha, na nikishasema itakuwa kweli kila mahali, si kwenye barua tu. Nikamwambia mume wangu aliandika sawasawa, ni mimi niliyenakili vibaya.

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaniambia siku nyingine niwe makini. Nikasema ndiyo, mwalimu. Huo ni uongo wa kwanza niliosema chuoni, na nimeusema kwa ajili yako, na ni wa mwisho.

Mama Kibonge